Mwenyeheri Niels Stensen: Askofu Aliyepasua Papa na Kumrudishia Mama Haki Yake



Kijana mwenzangu, likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Hanang. Jioni moja, baridi ya mlima imeshashuka, nimekaa jikoni kwa shangazi tunapukuchua mahindi, akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. Alitaka kujua kama huko seminari, kwenye vitabu vyote hivyo tunavyosoma, pameandikwa kwamba mwanamke asipozaa kosa ni lake.

Ngoja nikueleze kwanza. Shangazi aliolewa akiwa binti. Miaka saba ikapita, mtoto hakuna, akarudishwa kwao na sanduku lake la nguo. Mume akaoa wa pili, naye hakuzaa. Akaoa wa tatu, vilevile. Unajua kijiji kilisema nini? Eti bwana yule ana bahati mbaya, kila akioa anaangukia tasa. Jamani, wanawake watatu! Hakuna hata mzee mmoja aliyefikiri kumtazama yeye mwenyewe. Shangazi leo ni mama wa WAWATA anayeheshimika, amelea watoto wa watu, mimi mmojawapo. Lakini lile neno tasa bado limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sikuwa na jibu la haraka. Nikamwambia nitamletea. Jibu nimelipata kwa mtu aliyekufa zaidi ya miaka 330 iliyopita: Mwenyeheri Niels Stensen, daktari na mwanasayansi, kisha padre, kisha askofu. Leo nakusimulia maisha yake. Humu utakutana na maneno kama yai, kizazi na mbegu za kiume. Usione haya, wala usicheke chinichini. Hii ni kazi ya mikono ya Mungu, na yeye hakuona haya kuiumba.

Kosa la zamani sana

Mimi nimesoma falsafa, kwa hiyo naanza kwa kuungama dhambi ya wanafalsafa. Aristotle, zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba mimba inapotungwa mwanamume ndiye anayeleta umbo na nguvu ya uhai, na mwanamke analeta malighafi tu. Baba ni seremala, mama ni mbao. Baadaye daktari Galeno akasema mwanamke naye ana mbegu yake, ila dhaifu, na zile tezi mbili zilizo tumboni mwake akazihesabu kuwa makende ya kike, yaani nakala iliyopungua ya yale ya mwanamume. Mtakatifu Thoma wa Akwino, ambaye sisi wa seminari tunashinda naye na kulala naye, kwenye jambo hili alimfuata Aristotle. Hakuwa na hadubini. Alitumia elimu ya wakati wake.

Huku kwetu Mbulu na Hanang wazee hawakumsoma Aristotle, ila walifika palepale. Tumekua tukisikia kwamba mwanamke ni shamba na mwanamume ndiye mpanzi. Sasa mpanzi akipanda na kitu kisiote, analaumiwa nani? Shamba. Hakuna anayeuliza kama mbegu ilikuwa nzima. Na hata ikiota, sifa zote ni za mpanzi. Picha moja ndogo tu, lakini imewarudisha wanawake wangapi kwao na masanduku yao?

Mtoto wa sonara

Niels Stensen alizaliwa Januari 1638 katika mji wa Copenhagen, Denmark. Wasomi wengi wanamwita kwa jina la Kilatini, Steno. Baba yake alikuwa sonara aliyemtengenezea mfalme vitu vya dhahabu. Familia ilikuwa ya Kilutheri, na ya wacha Mungu kweli. Kuanzia miaka mitatu mpaka sita Niels alikuwa mgonjwa, hakuweza kukimbia na wenzake nje, akabaki ndani akisikiliza mazungumzo ya watu wazima kuhusu dini. Ndipo alipojifunza kunyamaza na kusikiliza. Baba akafariki Niels akiwa bado mdogo. Halafu akiwa shuleni, mwaka 1654, tauni ikaingia mjini na kuwazoa wanafunzi wenzake wengi.

Mwaka 1656 akaingia Chuo Kikuu cha Copenhagen kusomea udaktari. Hata huko hakupata raha, maana jeshi la Uswidi lilikuja kuuzingira mji, masomo yakawa ya kuokoteza. Wewe unayelalamika bando limekwisha katikati ya kipindi, mfikirie kijana huyu anayesoma huku mizinga inalia.

Mwaka 1660 akaenda Uholanzi. Siku moja mjini Amsterdam, akiwa na umri wa miaka 22, alinunua kichwa cha kondoo ili ajifunze kupasua. Ndani ya shavu, kisu chake chembamba kikaingia kwenye mrija ambao vitabu havikuutaja. Ulikuwa mrija unaoleta mate mdomoni kutoka kwenye tezi iliyo karibu na sikio. Mwenyeji wake, ambaye pia alikuwa mwalimu wake, kwanza akambeza kwamba ameharibu kichwa tu kwa kisu. Baadaye, ilipothibitika kwamba mrija upo, mwalimu huyohuyo akadai ni yeye aliyeugundua. Stensen akajibu kwa kupasua zaidi na kuonyesha zaidi. Mpaka leo madaktari duniani kote wanauita mrija huo kwa jina la Stensen. Unao, wewe na mimi, pande zote mbili za mdomo.

Kijana asiyeogopa kusema hajui

Akahamia Leiden, na hapo akapata marafiki wa maana: Jan Swammerdam, Reinier de Graaf, na hata mwanafalsafa Spinoza. Alichunguza moyo na kusema kwamba moyo ni msuli. Sisi tunaona kawaida, lakini wakati ule moyo ulidhaniwa kuwa jiko la joto la mwili au kiti cha roho, na mtu kusema ni nyama kama nyama ya paja ilikuwa kama matusi.

Mwaka 1665 alikuwa Paris, akaalikwa kuzungumza mbele ya wasomi kuhusu ubongo. Wote walitegemea aonyeshe ujuzi wake. Yeye akaanza kwa kukiri kwamba kuhusu ubongo hajui kitu. Kisha akaonyesha, kwa heshima na kwa ushahidi, kwamba hata Descartes aliyekuwa akisifiwa na wote alikosea alipoieleza mashine ya ubongo bila kuutazama vizuri.

Hii ndiyo siri ya Stensen, naomba uishike. Hakuwa mpinzani wa wazee. Aliwasoma Aristotle na Galeno, akawaheshimu. Ila kitabu kilipogombana na kitu kilichopo mezani, aliamini alichokiona mezani.

Papa wa Livorno

Mwaka 1666 akafika Florence, Italia, kwa mtawala Ferdinando II wa ukoo wa Medici. Oktoba mwaka huo wavuvi karibu na bandari ya Livorno walimkamata papa mkubwa mno. Usichanganye: papa wa baharini, si Baba Mtakatifu! Kichwa kikakatwa na kupelekwa kwa Stensen. Alipotazama meno yake akaona yanafanana kabisa na mawe fulani yaliyokuwa yakiokotwa milimani, ambayo watu waliyaita ndimi za nyoka. Kumbe yalikuwa meno ya papa wa kale, yaliyozikwa kwenye tope lililogeuka mwamba. Kutoka hapo akaanza kuisoma historia ya dunia katika matabaka ya udongo na mawe. Kitabu chake cha mwaka 1669 kuhusu jambo hilo kimemfanya ahesabiwe miongoni mwa waasisi wa jiolojia.

Lakini kuna papa mwingine, mdogo, ambaye hazungumzwi sana. Mwaka 1667 Stensen alichapisha kitabu kuhusu misuli, na mwishoni akaambatisha taarifa ya kumpasua papa mdogo wa kike. Sasa papa wa aina hiyo wana ajabu yao: hawatagi kama kuku, wanazaa watoto hai, lakini ndani ya mama yamo mayai. Stensen akaona mayai yanatoka kwenye tezi mbili, yanapita kwenye mirija, yanafika mahali pa kukulia. Akasimamisha kisu, akafikiri. Mpangilio huu ndio uleule wa mwanamke! Zile tezi mbili ambazo Galeno na waliomfuata waliziita makende ya kike si makende hata kidogo. Ni mifuko ya mayai. Ndizo tunazoziita leo ovari.

Aliandika hivyo kwa maneno machache tu, kama mtu anayetaja jambo njiani. Nisikudanganye: hakuwa anaandika kuwatetea wanawake. Alikuwa anaandika alichokiona. Lakini kwa maneno yale machache ile picha ya Aristotle ilipata ufa. Mama naye ana mbegu ya uhai, iliyo yake na kamili. Mwaka 1672 rafiki yake de Graaf alieleza ovari za wanyama na za mwanamke kwa urefu na kwa michoro, na safari ya elimu hiyo ikaendelea.

Wanawake wawili na hostia moja

Mwaka huohuo wa 1666 Stensen alikuwa Livorno wakati wa maandamano ya Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Bado alikuwa Mlutheri. Akatazama hostia inavyopitishwa barabarani, watu wamepiga magoti, maua yametandazwa. Akajiuliza kwa namna yake ileile ya mezani: ama kile ni kipande cha mkate na watu wote hawa ni wajinga, ama kweli ni Mwili wa Kristo, na kama ni hivyo, kwa nini mimi nimesimama tu?

Swali halikumwacha. Na waliomsaidia kulijibu walikuwa wanawake wawili. Mmoja alikuwa Sista Maria Flavia, mtawa aliyesimamia duka la dawa la monasteri mjini Florence. Stensen alikuwa akienda kwake kununua dawa, na sista akawa anamzungumzisha kidogokidogo kuhusu imani na kumwombea. Wa pili alikuwa Lavinia Arnolfini, mama mwenye familia, mke wa balozi wa Lucca, aliyemwambia wazi kwamba anatamani kumwona akiwa Mkatoliki. Stensen hakuruka kwa hisia tu. Alisoma Maandiko katika lugha za asili na kuwachunguza mababa wa Kanisa kama alivyochunguza kichwa cha kondoo. Siku ya Marehemu Wote, 2 Novemba 1667, uamuzi ukaiva, na kabla mwaka haujaisha akawa amepokelewa katika Kanisa Katoliki.

Ona alivyopanga Mungu. Mwaka uleule ambao Stensen aliuambia ulimwengu kwamba mwanamke si udongo tu katika kuleta uhai wa mwili, yeye mwenyewe alizaliwa katika uhai wa imani kwa msaada wa wanawake.

Askofu aliyeuza pete

Uamuzi huo ulimgharimu. Mwaka 1672 mfalme wa Denmark alimwita arudi nyumbani awe mwanaanatomia wake. Akarudi, akafundisha, lakini Mkatoliki katika nchi ya Kilutheri wakati ule alikuwa mgeni katika mji wake mwenyewe. Mwaka 1674 akaondoka tena. Mwaka 1675 akapewa upadre huko Florence, akaweka kisu chini. Wengi walimshangaa: mwanasayansi mkubwa namna hii anakwenda kukaa kwenye kiti cha maungamo!

Mwaka 1677 Papa (huyu sasa ndiye wa Roma) akamteua kuwa askofu wa wamisionari wa nchi za kaskazini, walikobaki Wakatoliki wachache waliotawanyika. Akaenda Roma kwa miguu, akawekwa wakfu na Kardinali Gregorio Barbarigo, ambaye baadaye naye alitangazwa mtakatifu. Akafanya kazi Hannover, kisha akawa askofu msaidizi Münster. Mwaka 1683 fedha zilipoingia katika uchaguzi wa askofu mpya huko Münster, Stensen alipinga, hakusikilizwa, akaondoka. Angeweza kunyamaza akabaki na cheo. Hakunyamaza.

Miaka ya mwisho aliishi Hamburg na Schwerin kama padre wa kawaida, mwembamba kwa kufunga, kavaa nguo chakavu. Aliuza pete na msalaba wake wa kiaskofu ili kuwasaidia wahitaji. Akafariki Schwerin tarehe 5 Desemba 1686, kwa maumivu makali ya tumbo, akiwa na miaka 48. Mwili wake ulisafirishwa hadi Florence, na mpaka leo umelala katika Kanisa la Mtakatifu Laurenti. Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri tarehe 23 Oktoba 1988. Tunamkumbuka tarehe 5 Desemba. Sisi wa Hanang, tunaobeba kumbukumbu ya tope la tarehe 3 Desemba 2023 pale Katesh, tuna sababu nyingine ya kumwomba mtu huyu aliyesoma matabaka ya udongo, siku mbili tu baada ya kuwaombea marehemu wetu.

Kilichogunduliwa baada yake

Sasa turudi kwa shangazi, maana hadithi haikuishia kwenye yai.

Mwaka 1677, mwaka uleule wa uaskofu wa Stensen, Mholanzi Antoni van Leeuwenhoek alitazama kwa lenzi yake akaona mbegu za kiume zinaogelea. Bwana wee! Haukupita muda, wako waliodhani kila mbegu ina kamtu kadogo ndani yake, tayari kamekunjwa, kinachosubiriwa ni mahali pa kukulia tu. Ile habari ya shamba ikarudi kwa mlango wa nyuma. Ilibidi tungoje mpaka mwaka 1827 ndipo Karl Ernst von Baer alipoliona yai lenyewe la mnyama anyonyeshaye, na mpaka 1876 Oscar Hertwig alipoona kwenye wanyama wa baharini jinsi kiini cha mbegu na kiini cha yai vinavyoungana kuwa kimoja. Baba nusu, mama nusu.

Lakini lililonishangaza zaidi mimi ni la mwaka 1951. Min Chueh Chang huko Marekani na Colin Austin huko Australia, kila mmoja kivyake, waligundua kwamba mbegu ya kiume iliyotoka tu kwa baba, hata iwe nzima na hodari, haiwezi kulirutubisha yai. Ukiiweka moja kwa moja kando ya yai, haifanyi kitu. Kwa njia ya asili, ni lazima kwanza ikae saa kadhaa ndani ya mwili wa mama. Humo inabadilishwa: utando wake unapunguzwa kolesteroli, inaamka, inapata uwezo ambao haikutoka nao kwa baba.

Hebu tuifuate safari hiyo. Katika tendo moja la ndoa hutoka mbegu kwa mamilioni, mara nyingi zaidi ya milioni mia moja. Zinaanzia mahali penye asidi, na nyingi zinaishia hapohapo. Kisha kuna shingo ya kizazi yenye ute. Siku nyingi za mwezi ute huo ni mzito, umefunga njia kama lango la boma usiku. Siku za kuelekea yai kutoka, ute unakuwa mwepesi, unavutika kama ute wa yai bichi la kuku, unafungua vijia, unazipitisha mbegu zinazoogelea vizuri na kuzizuia nyingi zenye kasoro. Humo mbegu zinaweza kuishi hata siku tano. Kizazi chenyewe kinajikaza taratibu na kuzisaidia kupanda. Zikifika kwenye mirija ya uzazi, zinajishikiza kwenye kuta zake, zinatunzwa, kisha zinaachiliwa kidogokidogo. Chembe zinazolizunguka yai zinatoa homoni ya projesteroni, na mbegu ikiipata, mkia unaanza kuchapa kwa nguvu mpya. Katika mamilioni yale, zinazofika karibu na yai ni mamia tu, na inayoingia ni moja.

Umeona? Mwili wa mama unachagua, unalisha, unangojesha, unaita. Na yule baba anayejisifu kwamba kazi yote ni yake, mbegu yake mwenyewe imekamilishwa ndani ya mkewe. Madaktari Wakatoliki John na Evelyn Billings wa Melbourne, tangu miaka ya 1950, walifundisha wanandoa kusoma dalili za ute huo ili kupanga uzazi kwa njia ya asili. Ukienda semina ya ndoa ukafundishwa habari hizo, usisinzie. Unafundishwa lugha ambayo Mungu ameiandika mwilini.

Huku kwetu Mbulu na Hanang

Mababu zetu Wairaqw walimwita Mungu Looa, na walimwaza kama mama, mwema, mwangaza wa jua. Wabarabaig wana baraza la wanawake ambalo likikaa, mwanamume aliyemkosea mwanamke anatozwa ng'ombe, na hana pa kukimbilia. Kwa hiyo heshima kwa mama si kitu tulicholetewa na wageni. Lakini haohao mababu walikuwa na desturi ya metimani, ambapo hata mama aliyeharibikiwa mimba alitengwa na majirani kwa muda. Fikiria, umepoteza mtoto, na juu yake unapoteza watu. Mema na magumu yalikaa boma moja, kama yanavyokaa moyoni mwa kila mmoja wetu.

Injili haiji kutukana mababu. Inakuja kufanya kama Stensen: kuheshimu wazee, halafu kutazama kilichopo mezani. Na kilichopo mezani ni hiki: kati ya ndoa zinazokosa watoto, karibu nusu tatizo linagusa upande wa mwanamume, ama peke yake ama pamoja na mkewe. Mara nyingine mbegu ni chache au hazina nguvu. Mara nyingine mirija ya mama imezibwa na ugonjwa, pengine wa zinaa, alioletewa na mumewe. Mara nyingine sababu haionekani kabisa. Basi wanaume vijana, siku ikifika, twende hospitali wote wawili, tena mume atangulie, maana kipimo chake ni chepesi zaidi. Kuhusu namna ya kupata sampuli, Kanisa lina mwongozo wake. Muulize padre wako na daktari wako, kuna njia isiyovunja maadili.

Na tusigeuze habari hii kuwa fimbo mpya. Mtu asije akasema kwamba kumbe mwili wa mama ndio unaochuja, basi kosa ni lake tena! Wala tusianze kuwacheka wanaume wasio na watoto. Kukosa mtoto si laana wala si adhabu. Hanna alilia hekaluni mpaka kuhani akadhani amelewa, na Mungu hakuwahi kumwita kwa jina la aibu. Ndoa isiyo na mtoto ni ndoa kamili. Mwanamke asiyezaa ni mama kwa njia nyingi. Mimi ni shahidi, nimelelewa na mmoja.

Mwisho kabisa, mtazame Bikira Maria. Kama mama angekuwa shamba tu, basi Yesu angepita kwa Maria kama maji yanavyopita kwenye bomba. Kanisa lilikataa wazo hilo karne nyingi kabla ya hadubini. Tunakiri kwamba Mwana wa Mungu alitwaa mwili kutoka kwake, damu yake na nyama yake. Kwenye biolojia Aristotle alitupoteza kidogo. Kwenye imani Mama wa Mungu alitushika mkono.

Siku ya mwisho ya likizo nilirudi jikoni kwa shangazi, nikamsimulia habari za papa, za yai, na za mbegu inayofundishwa kazi ndani ya mama. Alisikiliza kimya, mikono inaendelea kupukuchua. Nilipomaliza akauliza jina la yule askofu, akalirudia mara mbili kwa shida. Kisha akasema kwamba kesho yake angekwenda Misa ya asubuhi, ana mtu mpya wa kumshukuru.

Maswali ya kutafakari

1. Kuna mtu nyumbani kwenu aliyelaumiwa bila ushahidi? Unaweza kumwambia nini wiki hii?
2. Je, mimi ni mtu wa kurudia nilichosikia, au wa kutazama kwanza?
3. Kama nitaoa au kuolewa, niko tayari kubeba msalaba wa mwenzangu kama wangu?

Sala

Ee Mungu uliyeuumba mwili wa mama kwa hekima na upendo, tusamehe pale tulipoiita aibu kazi ya mikono yako. Wafariji wanandoa wanaolilia mtoto. Wape wanawake waliorudishwa kwao moyo mpya na heshima yao. Utupe sisi vijana macho safi, yasiyoogopa ukweli popote ulipo, kama ya mtumishi wako Niels. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mwenyeheri Niels Stensen, utuombee.

Wenu katika Kristo,
Frateri